Masikio Yako, Siku ya Hoteli

Kamina, siku ya posho, Jumamosi, jua linateremka

Numbi wangu,

Uko kwa Mama Solange unasukwa, na kwa vile namjua Mama Solange, mdomo wake unafanya kazi kuliko vidole, hutarudi kabla ya giza. Nimefukuza kila mtu mezani. Papa yako nimempa redio akakae nayo nje. Nimechukua kalamu yako ya bluu, ile unayosema nisiiguse, na nimeigusa. Kesho utakuwa ndani ya treni. Acha niandike leo, wakati kicheko chako bado kinanifikia hapa kutoka ng'ambo ya ua.

Sitakuandikia habari ya maji ya kuchemsha. Wala ya chandarua, wala ya kuamka mapema ukiwa kwa watu, wala ya wanaume wenye magari. Hayo tantine yako wa Lubumbashi, utakayekaa kwake, atakuimbia asubuhi na jioni, anayapenda sana, tusimnyang'anye kazi yake. Mimi nina jambo moja tu.

Siku ya Mungu iliyopita tulikuwa tunaosha vyombo. Mimi nilikuwa nasugua sufuria, wewe unasuuza sahani, ukaniuliza bila kuniangalia:

"Mama, ile siku ya test, nivale nini mu masikio?"

Na mimi nikanyamaza. Mimi, Ngoie wa Mulongo, niliyemjibu mchungaji mbele ya kusanyiko zima siku aliposema wamama wa kwaya wanachelewa kwa sababu ya mapambo! Mimi ambaye wanawake wa mtaa huu hutuma watoto wao kuja kuniuliza kabla ya ndoa: "Mama anasema, kikwembe iko ya kijani, avale nini?" Mbele ya mtoto wangu mwenyewe nikakosa neno. Nikakuambia tu, "Enda angalia maharage." Ukacheka mpaka ukaweka sahani chini.

"Vidye wami, Mungu wangu! Leo Mama amekosa neno! Papa, kuya uone!"

Ulicheka, ndiyo, lakini niliona pia kwamba ulikuwa umeuliza kweli. Kile kiti cha resepsioni, kule hoteli ya Lubumbashi, unakitaka. Tangu upate diploma yako umekaa nami kwenye mafuta ya moto ukikaanga mikate ya asubuhi, na sijakusikia kulalamika hata mara moja. Lakini nilikusikia nyuma ya jiko ukimpokea mbuzi wa jirani: "Bonjour madame, karibu sana, chumba chako kiko tayari." Mbuzi akaenda zake, wewe ukamfuata: "Madame, madame, ufunguo wako!" Nilijiziba mdomo kwa kikwembe changu nisikuharibie kazi. Halafu nikaingia ndani nikamwomba Mungu akupe hicho kiti, maana mtu anayemheshimu mbuzi namna ile atawaheshimu wageni.

Wasichana watakuwa wengi siku ile, na kiti ni kimoja. Na ile meza ya resepsioni, ulinieleza mwenyewe, ni ya mbao, ndefu mpaka kifuani. Viatu vyako hawataviona. Kikwembe chako kizuri watakiona nusu. Watakachoona ni uso, na huku na huku ya uso, sikio. Kwa hiyo swali lako halikuwa la mchezo. Juma zima nimelibeba, nimelala nalo, nimepika nalo, papa yako ameniuliza kama ninaumwa. Hili ndilo jibu. Utanivumilia, linaanzia mbali kidogo.

Wewe umezaliwa ndani ya desturi yetu, huoni ajabu yake. Ndoa ikitangazwa hapa Kamina, familia inachagua kikwembe kimoja, kitenge cha rangi moja, na wanawake wote tunashona hichohicho, tunaita iniforme. Mnene, mwembamba, mama wa bibi arusi, jirani aliyekuja kwa ajili ya chakula, sisi sote rangi moja na maua yaleyale, kama sahani za kabati moja. Fundi naye ni yuleyule, amechoka, anakata mikono yote sawasawa. Sasa mtu atajitofautisha na nini? Wengine kwa sauti. Wengine kwa viatu, lakini vumbi letu halijali bei ya kiatu. Mimi nilikuwa najitofautisha kwa masikio. Na nasema bila haya, kwa sababu ni kweli: katika ndoa za mji huu hakuna aliyenipita. Wapiga picha walikuwa wanasema, "Mama Numbi, kuya mbele kidogo," na mimi nilikuwa tayari niko mbele.

Zile pembetatu zangu za shaba unazijua. Pembetatu tatu kila sikio, moja inaning'inia chini ya nyingine, ndogo juu, kubwa chini, mpaka karibu na bega. Ukitembea zinasalimiana. Lakini sijawahi kukueleza vizuri zilivyonifikia, na wewe ulizoea kuziona ukutani pale karibu na kioo, kama vile zilizaliwa na nyumba.

Alinitengenezea mjomba wangu Banza, fundi wa baiskeli kule kwetu Mulongo, kando ya mto, nilipokuwa naondoka kuja kuolewa na papa yako. Alipata bamba la shaba, sijui wapi, mjomba hakuwa mtu wa kuulizwa hivyo. Akalikata kwa mkasi wa bati, akalipiga juu ya kipande cha reli, akalisugua kwa mchanga wa mtoni. Umbo lake ni lile la pembe ambazo wanawake wa kwetu huchora kwenye shingo ya chungu kabla ya kukichoma, mstari mzima, pembe baada ya pembe. Nikamwuliza, "Mjomba, mbona kubwa hivi?" Akasema bila kuinua kichwa:

"Unaenda kwa bantu ba biro. Bakuone kwanza, mbele ya kusikia Kiswahili yako ya ku mayi."

Kweli, Kiswahili changu kilikuwa cha kwenye maji, nusu Kiluba, nusu samaki. Na watu wa papa yako walikuwa watu wa biro na wa kanisa. Babu yako alikuwa karani wa reli. Mke wake, nkambo wako uliyerithi jina lake, alivaa shati jeupe lenye vifungo mpaka kooni, na masikioni alikuwa na viherini vidogo kama punje ya mtama. Siku niliposhuka kwenye lori, nimechoka, vumbi mpaka kwenye kope, lakini pembetatu zangu zinawaka, alinizunguka mara moja kama mtu anayeangalia kabati la kununua. Halafu akaniuliza mbele ya mawifi wote:

"Mutoto, hii ni mabukle ao ni milango?"

"Ni mabukle, mama, ni ya masikio."

"Basi ufunge. Upepo inaingia."

Mawifi walianguka kwa kicheko. Nami nikacheka nao, kwa sababu ilichekesha kweli. Baadaye nililia jikoni, nikasema ni vitunguu, na hakukuwa na kitunguu hata kimoja katika nyumba ile.

Sasa sikiliza nilivyojiaibisha, maana hii hujaisikia. Papa yako aliapa hatasema, na ametimiza, namshukuru.

Sikuwa nimekaa sana hapa. Mchana mmoja papa yako anapita nyumbani mbio, kofia mkononi, anaitwa kazini, ananiambia akiwa mlangoni: "Kwa papa mukubwa kuko matanga. Beko banunua kikwembe. Enda kule, nitakuya." Akatoweka. Mimi katika maneno yote nikasikia moja tu: kikwembe. Kwetu, Numbi, kikwembe hakinunuliwi siku mtu anapokufa. Kinanunuliwa mwisho kabisa, siku ya kutoa matanga, machozi yamekwisha, watu wanaoga, wanakula, wanacheza. Sikujua kwamba familia za biro zinanunua mapema, maiti ingali ndani, ili kila mtu apate rangi ileile dukani kabla haijaisha. Basi nikajiambia: feti, sherehe. Nikachukua ndimu na majivu nikasugua shaba zangu. Nikapaka midomo rangi. Nikafunga kichwani fulari yangu ya njano. Nilipita barabara nzima kichwa juu, watu wananiangalia, nami nadhani ni kwa uzuri.

Nikaingia uani. Wanawake wote wako chini kwenye mikeka, vichwa havina kitu, masikio hayana kitu, wengine wamejifunga kamba kiunoni. Wanalia. Nami nimesimama katikati nikilia kwa masikio tu, kling, kling. Na kile kilio kikanyamaza. Sijui kama umewahi kusikia kilio kikinyamaza, mimi naomba usisikie. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti ya chini ambayo ilifika mpaka barabarani:

"Huyu amekuya kulia ao kuolewa tena?"

Nkambo wako akainuka. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko. Nilikuwa nasubiri kofi, na ningelipokea. Akafungua kiganja.

"Leta."

Nikazitoa. Akazifunga kwenye pembe ya kikwembe chake, fundo gumu. Akachukua pembe nyingine, akailowesha kwa mate yake, akanifuta midomo kama unavyomfuta mtoto mwenye uji. Hakunitukana. Alisema hivi tu:

"Sasa kuya ukae kando yangu. Kama hauyue kulia, uangalie chini."

Nikakaa. Nikalia kuliko wenye msiba. Nililia aibu yangu, nikamlilia mama yangu, nikalilia Mulongo na mto wake. Jioni wazee wakawa wanasifu: "Ule bibi wa karani mudogo eko na roho." Papa yako aliposikia sifa hizo alinitazama, akatazama masikio yangu matupu, akaelewa yote. Akatoka nje haraka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hakuwa analia.

Lakini nkambo hakunirudishia. Siku zikapita, miezi ikapita. Sikuthubutu kuuliza. Niliamini amezitupa chooni, na nilimchukia, Numbi, nakwambia ukweli. Nilimsongea bukari ya unga wa mahindi kila siku nikimchukia, na bukari ilikuwa nzuri, maana hata chuki yangu ina mikono safi. Nilikuwa nazigusa ndewe zangu usiku, nahisi matundu, najiambia: hapa ndipo Mulongo ilikuwa, wameifunga.

Ikafika siku ya kutoa matanga. Kikwembe cha ndege weusi juu ya njano, sisi wote. Asubuhi niko chumbani navaa, mlango unafunguliwa bila kubishwa, nkambo anaingia. Anafungua fundo kwenye kikwembe chake. Pembetatu zangu! Na zinang'aa, mwanangu, zinang'aa kuliko siku mjomba aliponipa. Alikuwa anazisugua. Peke yake, sijui saa ngapi, yule mama wa punje za mtama alikuwa anakaa na ndimu na majivu anasugua milango yangu.

"Leo njo siku yao," akasema.

Nikamjibu, mdomo wangu haujui kukaa: "Mama, si ulisema nifunge?"

"Njo vile. Na leo nasema fungua."

Akanivalisha mwenyewe. Nilikuwa nimefunga fulari chini mpaka kwenye nyusi, akaitoa yote, akaifunga upya juu, masikio yote mawili nje: "Ukifunika sikio, unavala juu ya nani? Juu ya fulari?" Nilikuwa na shanga shingoni, zawadi ya papa yako, akazifungua: "Shingo ipumuke. Bintu bibili bikubwa bitapigana." Akarudi nyuma hatua kidogo, akanitazama kwa muda. Nikamwuliza kwa nini yeye hajawahi kuvaa makubwa. Akasema, "Miye niko na masikio ya kusikia. Yako iko ya kuonekana. Mungu alitugawa." Akatoka.

Siku ile ndiyo nilianza kuitwa mbele na wapiga picha. Na siku ile ndiyo nilielewa kwamba hakuwahi kuzichukia. Ni mimi nilikuwa nimezileta siku isiyo yao. Tukaishi vizuri sana baada ya hapo, mimi naye, mpaka akaniachia jina lake nikupe wewe.

Usidhani basi nilijua kila kitu kuanzia siku ile. Niliendelea kuharibu, tena kwa bidii. Angalia picha ile ya ukutani, mimi na kikwembe cha miduara mikubwa ya bluu. Masikioni nimeweka nini? Miduara! Visahani vya bluu kama vifuniko vya sufuria. Nilifikiri vikifanana vitapendeza mara mbili. Mpaka leo papa yako akipita pale anauliza, "Mama Numbi, hapa masikio iko wapi?" Yamemezwa. Kitambaa kikiwa na duara, sikio litafute mstari na kona. Kitambaa kikiwa na mistari na miraba, hapo duara litapata hewa. Na rangi, usichukue ile inayopiga kelele katika kikwembe, tafuta ile iliyojificha, yenye nukta tu hapa na pale, hiyo ndiyo uiweke sikioni, na watu watafikiri ulisoma Ulaya.

Uzito pia. Ile alama kwenye sikio langu la kushoto, uliyoniuliza ukiwa mdogo nikakwambia ni panya, si panya. Ni wewe. Ulikuwa unanyonya katikati ya mahubiri, nimevaa mabamba ya chuma niliyonunua kwa mfanyabiashara kutoka Luena, mazito kama kufuli, nayapenda kwa ajili ya uzito huohuo. Ukainua mkono mdogo, ukashika, ukavuta kwa moyo wako wote. Nikapiga kelele. Kanisa zima likajibu, "Amen!" Mchungaji akapata nguvu, akaongeza nusu saa. Muuguzi alinishona baadaye akicheka, na mimi nikakubusu kile kiganja, chenye damu yangu, nikajua umerithi macho yangu: hukuvuta kikwembe, hukuvuta fulari, ulivuta kitu kizuri kuliko vyote.

Nakuona bado. Ukiwa msichana mdogo ulikata gamba la daftari la shule ukatengeneza pembetatu zako, ukaning'iniza kwa uzi wa sindano, mwalimu akakurudisha nyumbani na gamba mkononi. Ulikuwa unapanda kwenye kiti mbele ya kioo changu na kutikisa kichwa, kling kling kwa mdomo, kwa sababu karatasi haipigi kelele. Sasa hivi nikiandika nakisikia kile kling cha mdomo wako. Nyumba hii itakuwa kimya, Numbi. Sitaki kuandika juu ya hilo.

Niandike juu ya miraba yako.

Ulipoanza kupata fedha yako mwenyewe kwenye mikate, ulienda sokoni ukarudi na hereni ulizochagua peke yako. Nilitegemea pembetatu. Ukafungua karatasi: miraba miwili mieusi, mikubwa, mitupu katikati, inaning'inia mpaka kwenye taya. Na mimi, mama yako, badala ya kufunga mdomo, nikasema mbele ya Mama Solange: "Umenunua fremu. Picha iko wapi?" Mama Solange akacheka mpaka akashika ukuta. Wewe ukakunja karatasi taratibu. Ukasema, "Sawa, Mama." Nilifahamu sauti ile. Ni sauti yangu mwenyewe jikoni, na vitunguu ambavyo havikuwepo.

Lakini ulizivaa. Siku ile uliyosimama kanisani kusoma matangazo, mara ya kwanza, shati jeupe, nywele zimevutwa nyuma, na ile miraba. Nilikaa benchi la tatu, tayari kuona aibu kwa niaba yako. Na nikaona kitu ambacho sikukuambia mpaka leo. Una uso wa papa yako, mrefu, na taya yenye kona. Mraba ulikaa pale kama umepimwa na fundi. Na katikati, pale patupu, ilionekana shingo yako. Nikawaza: ee, Ngoie, picha ndiyo ile. Ulisoma majina ya wagonjwa, ukasoma kazi ya juma, sauti imara, na mikono yote miwili ilibaki kwenye karatasi.

Ile mikono ndiyo jibu langu, mwanangu. Kwenye ndoa ya binamu yako nilikulazimisha kuvaa pembetatu zangu. Nilijivuna, nilimwambia kila mtu, "Muone, ni mimi yule!" Nawe ulipendeza, hakuna aliyesema hapana. Lakini mkono wako haukutulia. Unazungumza na mtu, mkono sikioni. Unakula, mkono sikioni. Ulikuwa unazishika kama mtu aliyebeba yai la jirani. Mimi nilizivaa miaka yote hii sijazigusa hata mara moja, isipokuwa kuzisugua. Zilikuwa zangu. Kwako zilikuwa mama yako ananing'inia huku na huku.

Unaona sasa kwa nini sikuweza kusema neno kwenye vyombo? Jibu la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa: pembetatu zangu, bila shaka, ni nini kingine? Halafu nikauona ule mkono wako. Madame wa hoteli atakuuliza jambo, nawe utajibu vizuri, unajua kujibu, umefunzwa na mimi na mbuzi. Lakini mkono ukipanda sikioni kila neno, atauangalia mkono.

Siku ya nne ya juma hili nilizifunga pembetatu ndani ya taulo nikazisukuma chini kabisa ya sanduku lako, chini ya viatu, ili uzikute kule ukose njia ya kukataa. Nakujulisha kwamba leo asubuhi, ulipoenda kuchota maji, nimezitoa. Sanduku lako limekuwa jepesi kidogo, na mimi nimekuwa mzito kidogo, lakini ni sawa. Ukizitaka siku moja, utaziomba kwa mdomo wako.

Kwa hiyo vaa miraba, kama unaitaka. Na kama utaona kitu kingine sokoni Lubumbashi, chenye kona, chenye duara, sijui, vaa hicho. Kivae kwanza nyumbani kwa tantine, uoshe vyombo nacho, ubishane na mtu nacho. Ukiona umesahau kwamba umekivaa, hicho ni chako. Shati liwe jeupe, shingo ipumuke. Mama Solange nimemwambia asukie nyuma, asije akakuletea misuko usoni kama pazia, na kama amefuata kichwa chake basi nitamfuata usiku huuhuu.

Na madame akikuambia, "Mademoiselle, hapa tunavaa madogo," usikasirike, na usijione umevuliwa nguo. Toa, funga kwenye kitambaa chako, fundo gumu, fanya kazi yake, jioni vaa uende nyumbani. Mimi nilikaa miezi mingi na masikio matupu na sikufa. Utajua mwenyewe baada ya muda kama yule madame ni mtu wa kusugua au ni mtu wa kutupa chooni. Hilo siwezi kukuchagulia kutoka hapa.

Nasikia sauti yako langoni, unagombana na papa yako juu ya redio. Nafunga.

Siku ya hoteli ikiisha, nipigie. Usinieleze ulivaa nini. Nieleze walikuuliza nini, na wewe uliwajibu nini, neno kwa neno, hata ya Kifaransa, nitaelewa. Na ukisikia nimekawia kidogo kusema, usipige kelele "allô, allô," wala usifikiri rezo ya simu imekatika. Ni mama yako anajikaza asiulize.

Mimi niliyekuzaa na kukuita,

Ngoie wa Mulongo, Mama Numbi, masikio mazuri kuliko yote ya Kamina, baada ya yako